Bamboozle, cozen, honeyfuggle na wenzake: maneno adimu ya Kiingereza ya utapeli, asili na maana zake (uzi maalumu)

Karani wa Kamusi

Wakuu, fungua kamusi yoyote ya Kiingereza kwa Kiswahili utafute cozen, gull, dupe, inveigle, hoodwink, bilk, swindle, palter. Karibu yote yamejibiwa kwa maneno yaleyale matatu: danganya, laghai, hadaa. Si makosa, lakini anayetafsiri tamthilia ya karne ya 17 au hukumu ya mahakama akaishia hapo, ameacha nusu ya habari njiani. Mengi ya maneno haya yalianza kama lugha ya kazi fulani: mawindo, kamari, biashara ya farasi, mahakama, karakana ya sarafu bandia. Ukiijua kazi yenyewe, unajua tapeli anafanya nini hasa kwa mikono na mdomo wake, na Kiswahili chake hakikusumbui tena.

Nafungua na wanyama, maana Kiingereza cha utapeli kimejaa ndege.

Dupe lilitoka Ufaransa, likaingia Kiingereza karne ya 17. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba Wafaransa walisema "de huppe", yaani "wa hudihudi", na ile d ikagandia kwenye jina. Kwao hudihudi alikuwa ndege zuzu. Kwetu hudihudi ndiye aliyemletea Nabii Suleiman habari za Malkia wa Sheba, kwa hiyo usimlete ndege huyo kwenye tafsiri, msomaji atakushangaa. Maana ya leo ni mtu aliyedanganywa, na zaidi ni yule anayetumiwa na wengine pasipo yeye kujua.

Gull lina baba wawili na hakuna aliyeshinda kesi. Mmoja ni neno la zamani la kinda la ndege ambalo halijaota manyoya. Wa pili ni kitenzi cha kumeza, kile kilicho jirani na gullet, umio. Ukifuata wa pili, gull ni mtu anayemeza kila anacholishwa, na hapo Mtanzania ana msemo tayari: kalishwa matango pori. Neno lilikuwa maarufu London miaka ya 1590 na 1600. Thomas Dekker alitoa kijitabu The Gull's Hornbook mwaka 1609. Gullible, analolijua kila mtu, limekuja baadaye sana, karne ya 19.

Rook ni jamii ya kunguru, na kwenye meza za kamari alikuwa mlaghai. Pigeon, njiwa, ndiye anayenyonyolewa. Sina zaidi hapo.

Yule mwenye coney na decoy aje, najua wapo humu.

Nyavu na Ndoana

Decoy niachieni.

Waholanzi walikuwa na mtambo wa kunasia bata mwitu waliouita eendenkooi, zizi la bata. Kooi ni tundu, nalo limetokana na Kilatini cavea, neno lilelile lililozaa cage kupitia Kifaransa. Waingereza walikuwa na "coy" tu kwanza. Ile "de" ya mbele, kwa maelezo ya wengi, ni kibainishi cha Kiholanzi (kama "the" ya Kiingereza) kilichosikiwa kama sehemu ya jina: de kooi. Ilikuwa karne ya 17, wakati mitambo yenyewe ilipokuwa ikiletwa Uingereza. Mfalme Charles II alichimbiwa wake St James's Park, London, mwaka 1665, na aliyeusimamia alikuwa Mholanzi.

Jinsi unavyofanya kazi ndiyo maana ya neno, kwa hiyo nivumilieni.

Kuna bwawa dogo lenye miti pande zote. Kwenye pembe zake yanatoka mashimo marefu ya maji yaliyopinda, yanaitwa pipes. Mdomo wa kila moja una upana wa futi karibu 20, kisha linakwenda likisinyaa kwa urefu wa yadi 60 hivi mpaka kubaki na futi 2 mwishoni. Juu yake kuna matao yaliyofunikwa wavu, na mwisho kabisa kuna mfuko wa wavu unaofunguka. Kandokando kuna viwambo vya matete vilivyosimamishwa mshazari, kimoja kikiingiliana na kingine, ili mtegaji aliye nyuma asionekane na bata waliobaki bwawani.

Chombo kikuu ni mbwa mdogo, mara nyingi mwekundu kama mbweha. Anatokeza kati ya viwambo viwili, anaruka kizuizi kifupi, anapotea, anatokeza tena mbele zaidi. Bata wakimwona adui akiondoka wana tabia ya kumfuata kumchunguza, wako kundi, wanajiona salama. Wanaogelea wenyewe ndani ya shimo. Wakishapita kona, mtegaji anajionyesha nyuma yao. Hawawezi kurudi alipo mtu, wanaruka mbele, wanaishia mfukoni. Wenzao bwawani hawajaona kitu, na kesho zamu yao.

Yanayoharibu kazi: harufu ya mtu, ndiyo maana mtegaji alitembea na bonge la mboji linalofuka moshi karibu na mdomo wake mwenyewe; mbwa akibweka; shimo lisilopinda, kwa sababu bata anaona mwisho wake; na upepo. Bata huruka kuelekea upepo unakotoka, basi shimo moja halitoshi, unahitaji kadhaa zinazoelekea pande tofauti ili uchague la siku hiyo.

Kwa hiyo decoy si chambo. Chambo huliwa. Decoy haimpi mtu kitu, inamfanya aangalie upande fulani na asogee kwa miguu yake. Kwa habari za kijeshi au za ulinzi wa viongozi, Kiswahili cha mtaani kinalo tayari: kuzuga. Gari la kuzugia, msafara wa kuzugia. Nalipendelea kuliko "chambo" la magazetini.

Bint Makunganya

Asante kaka. Mimi nilikwama kwenye coney-catching. Coney ni sungura, sawa, ila kwenye maandishi ya wakati wa Shakespeare naona setter, verser, barnacle, kama vyeo vya ofisini. Nani anafanya nini?

Karani wa Kamusi

Ni vyeo kweli, dada. Chanzo kikuu ni Robert Greene, A Notable Discovery of Coosnage, 1591. Tusimwamini kwa kila kitu. Sehemu ya maelezo yake aliyanyofoa kwenye kijitabu cha 1552 kuhusu wacheza dadu, naye alikuwa mwandishi wa kulipwa anayejua kutia chumvi. Lakini mfumo anaoueleza unaeleweka vizuri.

Anayewindwa ni mkulima aliyekuja London na fedha kwa ajili ya kesi au mauzo. Anatambulika kwa nguo na viatu vya shamba. Setter anamsogelea kwanza, anamsalimia, anamwuliza anatoka wilaya gani, kijiji gani, jirani zake ni akina nani, kisha anamkaribisha kinywaji. Akikubali, kazi imerahisika. Akikataa, setter anamwacha aende, anakimbia kumpa verser taarifa zote. Dakika chache baadaye mkulima anakutana na muungwana asiyemjua, anayemwita kwa jina lake na kumwulizia jirani zake mmoja mmoja. Unakataaje kinywaji cha mtu kama huyo?

Wakiwa baa verser anamfundisha hila ya karata, kwa maelezo kwamba watamla mgeni mwingine yeyote atakayeingia. Ndipo anaingia barnacle, anajifanya mgeni kabisa, anaomba kucheza. Mchezo unaotajwa ni mumchance: kila mtu anataja karata yake, itakayotangulia kutoka ndiyo mshindi. Sungura anaanza kwa kushinda. Dau linapanda. Halafu anakwisha.

Angalia kiungo kinachobeba yote: sungura anaamini yeye ni mshirika wa wizi. Baadaye hawezi kushtaki bila kujishtaki mwenyewe. Ukitafsiri "mdanganywa" tu, hilo limepotea.

Na jina la mtu kama ufunguo halijazeeka. Matapeli wa simu wa leo wanalipata jina lako kwa kuanza muamala wa pesa mtandaoni na kuusitisha baada ya jina kutokea, kisha wanakupigia wakikuita kwa majina yote matatu. Ni setter na verser, ila baa haipo.

Tamko: coney ya enzi hizo ilifanana na honey mwishoni, siyo "koni". Hilo kumbukeni, litatufaa tukifika Marekani.

Mzee wa Ngalawa

Na cozen hapo hapo, maana hiyo "coosnage" ya Greene ni cozenage. Inatajwa sana kuwa ni kutoka cousin: Kifaransa cousiner, kujifanya ndugu wa mtu ili ule na kulala kwake bure. Inaingiana vizuri na verser. Wapo wanaolipeleka Kiitaliano, cozzone, dalali wa farasi. Kamusi kubwa zinaacha mlango wazi. Muhimu kwa mtafsiri ni kwamba waandishi wa enzi ya Elizabeth walicheza na kufanana kwa maneno haya mawili makusudi, kwa hiyo hata kama asili si undugu, harufu ya undugu ipo kwenye matini.

Tapeli aliyeleta neno con man alifanya vilevile. William Thompson, New York, alikamatwa 1849. Alimkaribia mtu aliyevaa vizuri kama vile wanafahamiana, wakaongea kidogo, kisha akamwuliza kama ana imani naye kiasi cha kumwachia saa yake mpaka kesho. Gazeti la New York Herald likamwita Confidence Man. Con ni kifupi cha hapo. Confidence ni ile imani anayoombwa mwenye saa. Ujasiri wa tapeli, kama wengine wanavyoandika, haumo.

Dadu Sita

Kamari sasa, na hapa kamusi nyingi za shule zimevurunda.

Cog. Utaambiwa "to cog dice" ni kutia risasi kwenye dadu. Sivyo. Maana ya mwanzo, karne ya 16, ni kuiongoza dadu kwa mkono inapotupwa ili iangukie unapotaka. Dadu zenyewe halali, mkono ndio haramu. Tofauti ni ya msingi: anayekagua dadu za mwenye kucheza hivyo hapati kitu.

Dadu zilizochezewa zilikuwa na majina yake. Fulham au fullam ni ile iliyotobolewa na kutiwa risasi au zebaki upande mmoja. Gourd ni iliyochimbwa ndani ikabaki na uwazi. High men hutoa namba kubwa, low men ndogo. Shakespeare anazitaja zote kwenye sentensi moja ndani ya The Merry Wives of Windsor, mdomoni mwa mhusika aitwaye Pistol, na watafsiri huwa wanairuka. Yenye zebaki ilikuwa mbaya zaidi kuitambua kwa sababu uzito unahama. Kipimo cha kale ni kuishika dadu kwa vidole viwili kwenye pembe mbili zinazopishana na kuiacha izunguke. Yenye uzito wa kudumu upande mmoja hugeuka kila mara ikaleta upande huo chini.

Bilk lilikuwa neno la mchezo wa karata uitwao cribbage: kumharibia mwenzako pointi. Likahamia kwa anayepanda gari la farasi na kushuka bila kulipa. Halijafa: polisi wa Uingereza mpaka leo wanaita bilking kujaza mafuta kituoni na kuondoka bila kulipa, kosa linaloangukia kifungu cha 3 cha Theft Act ya 1978. Kwa hiyo bilk linahusu deni ambalo huduma yake umeshapata. Kumwuzia mtu simu feki si bilk.

Thimblerig, miaka ya 1820: kastabini tatu, vile vikofia vya chuma anavyovaa fundi kidoleni, na punje moja ya njegere.

Kijana wa Kongowea

Hiyo thimblerig ni pata potea tu, boss. Vifuniko vitatu na kidonge, ama karata tatu. Stendi zote za Kenya wako.

Dadu Sita

Ndiyo hiyo, mzizi mmoja. Na wengi wanaikosea hesabu. Mtu anadhani nafasi yake ni moja kwa tatu. Punje ni laini, inabanwa kati ya ncha za vidole au nyuma ya kucha wakati kifuniko kinasukumwa mbele, na unapochagua haipo mezani kabisa. Nafasi yako ni sifuri. Inarudishwa chini ya kifuniko kingine wakati wa "kufunua". Wanaoshinda mbele yako ni wa kundi lake, kwa Kiingereza shill, neno la Marekani la mwanzoni mwa karne ya 20. Thimblerigger kwenye habari za siasa ni anayehamisha takwimu au fedha kati ya mafungu mpaka usijue ziko wapi. Pata potea inatosha kabisa kuitafsiri.

Lulu ya Mzizima

Wataalamu, msisahau sincere. Limetoka Kilatini sine cera, bila nta. Wachongaji wa Roma waliziba nyufa za marumaru kwa nta, jua likiwaka inayeyuka, basi mwenye sanamu nzima aliandika "bila nta". Na phony limetoka telephone, kwa sababu kwenye simu humwoni unayeongea naye.

Mzee wa Ngalawa

Zote mbili hapana, dada yangu, ingawa ya nta imepigiwa hotuba duniani kote.

Sincerus kwa Kilatini lilikuwa neno la kawaida la kitu safi, kisichochanganywa. Wanaisimu wengi wanaliunganisha na mzizi wa "moja" na ule wa kukua, uleule ulio kwenye crescere: kilichomea mmea mmoja. Kasoro ya hadithi ya nta ni kwamba sine cera ikiungana haitoi sincerus kwa kanuni za Kilatini, na hakuna mwandishi wa Kirumi anayetaja matangazo hayo ya wachongaji.

Phony ni tamu zaidi kuliko simu. Limetokana na fawney, ambalo ni Kiayalandi fáinne, pete. Kulikuwa na wizi London karne ya 18 ulioitwa fawney rig, nao Francis Grose anaueleza kwenye kamusi yake ya lugha ya mitaani. Tapeli anaangusha pete ya shaba iliyopakwa dhahabu, anaiokota mbele yako kana kwamba ameiona sasa hivi, kisha anakuuzia kwa bei ndogo kuliko ya dhahabu lakini mara kumi ya thamani yake ya kweli. Fawney likawa pete bandia, Marekani likawa phony, kitu chochote bandia. Watalii wa Paris wanauziwa pete hiyo hadi leo.

Ukoo huo wa madini una wengine watatu. Pinchbeck: Christopher Pinchbeck, fundi saa wa Fleet Street, London, aliyefariki 1732. Alitengeneza mchanganyiko wa shaba nyekundu nyingi na zinki kidogo unaong'aa kama dhahabu. Yeye mwenyewe hakumficha mtu, aliuza kama mfano wa dhahabu. Walioiga ndio waliolitia jina matope. Brummagem ni Birmingham ilivyotamkwa na wenyeji, mji uliovuma karne ya 17 kwa sarafu bandia, baadaye kwa mapambo rahisi. Bogus lilianza Marekani: mwaka 1827 gazeti moja la Painesville, Ohio, liliita bogus mashine ya kutengenezea sarafu bandia. Kwa nini mashine iliitwa hivyo, wanaotoa majibu ni wengi kuliko ushahidi.

Bint Makunganya

Na yale ya macho? Hoodwink naona wanaandika "konyeza kwa kofia".

Nyavu na Ndoana

Ha! Wink ya karne ya 16 ilikuwa kufumba macho yote mawili, kukonyeza kumekuja kama maana nyembamba baadaye. Hoodwink ni kumfunika mtu macho kwa kofia au kitambaa, kwa maana ya kawaida kabisa, miaka ya 1560. Mchezo wa watoto wa kufunikwa macho uliitwa hoodman-blind, umo ndani ya Hamlet. Wawindaji nao walimvisha kozi kofia ya ngozi atulie. Maana ya ulaghai ilizaliwa hapo: mtu hapewi uongo, ananyimwa kuona. Changa la macho linakaa vizuri, kwa sababu kazi yake ni hiyohiyo.

Inveigle ni ndugu yake aliyejificha: Kifaransa aveugler, kupofusha, karne ya 15. Leo halipofushi tena, linabembeleza. Unam-inveigle mtu aingie kwenye jambo kwa maneno matamu na mzunguko mrefu.

Na ruse, kwa wapenda mawindo: mnyama anayefukuzwa anarudi juu ya nyayo zake mwenyewe ili mbwa wapoteze harufu. Kifaransa ruser.

Wakili Mstaafu

Niingie kwa lango la mahakama, ndilo lenye maneno yanayotumika vibaya zaidi.

Prevaricate. Magazeti yetu yanaliandika kama "sema uongo". Kilatini praevaricari kinatokana na varus, mwenye miguu iliyopinda: kutembea kombo. Pliny, mwandishi wa Roma ya kale, anasema mkulima anayeshika jembe la ng'ombe asipoinama, anapinda mstari, na kwamba kosa hilo lilihamishiwa mahakamani kutoka shambani. Kwenye sheria ya Roma praevaricatio lilikuwa kosa mahsusi: mshtaki anayeshirikiana kwa siri na mshtakiwa, anafungua kesi na kuiendesha kwa ulegevu ili mshtakiwa aachiwe, wala asishtakiwe tena kwa urahisi. Leo prevaricate ni kukwepakwepa jibu. Anayefanya hivyo anaweza asiwe ametamka uongo hata mmoja. Kupiga chenga ndiyo tafsiri.

Tergiversate: tergum, mgongo, na vertere, kugeuza. Ni kugeuza mgongo, kuhama msimamo au kukwepa kuchukua wowote.

Equivocate lilipata jina baya 1606, kwenye kesi ya padri Mjesuiti Henry Garnet baada ya njama ya baruti ya 1605, ile ya kulipua Bunge la Uingereza. Fundisho lililoshambuliwa ni kwamba mtu anaweza kujibu kwa maneno yenye maana mbili, akakusudia moja na kumwachia msikilizaji nyingine.

Palter liko hapohapo. Macbeth analalamika kuwa wachawi wame-palter naye kwa maana mbili: kila walichosema kilikuwa kweli. Watafiti wa saikolojia ya majadiliano wamelifufua kwa maana hiyo hasa: kupotosha kwa kutumia ukweli. Muuzaji wa gari anaulizwa kama lina tatizo la injini, anajibu "jana asubuhi limewaka mara moja". Kweli limewaka. Kiswahili sijaona neno moja linalobeba hilo. Mie huandika "kudanganya kwa ukweli" na msomaji ananielewa.

Na cheat lenyewe, ambalo si adimu, ni la sheria. Escheat ilikuwa ardhi kurudi kwa mfalme au bwana pale mwenye nayo anapofariki bila mrithi. Maofisa wake, escheators, walinyakua hata isiyostahili, mpaka jina la cheo likawa kitenzi cha dhuluma.

Kijana wa Kongowea

Sasa haya ya kuchekesha: hornswoggle, bamboozle, honeyfuggle. Yametoka lugha gani?

Karani wa Kamusi

Hornswoggle: Marekani, miaka ya 1820, asili haijulikani, na kila anayekueleza habari za ng'ombe mwenye pembe kujinasua kwenye kamba anakuongezea chumvi. Wamarekani wa mipakani enzi hizo walipenda kuunda maneno marefu kwa ajili ya mlio tu.

Bamboozle ni la zamani zaidi, mwanzoni mwa karne ya 18. Mwandishi Jonathan Swift alililalamikia mwaka 1710 kwenye jarida la Tatler, akiliweka pamoja na banter miongoni mwa maneno yaliyobuniwa na vijana wa mjini. Yote mawili yamemshinda. Kuna dhana ya Kifaransa embabouiner, kumfanya mtu nyani, lakini njia ya kutoka hapo mpaka z ile haijaonyeshwa.

Honeyfuggle ndilo la kukaa nalo. Linaonekana Marekani 1829, na linaelekea kuwa coneyfogle ya lahaja za Uingereza. Kumbuka tamko: coney na honey zilikuwa mlio mmoja, sungura akageuka asali. Maana: kumdanganya mtu kwa kumsifia. Rais William Howard Taft alilitumia 1912 akimshambulia Theodore Roosevelt, kwamba anachukia mtu anayewa-honeyfugle wananchi kwa kuwaambia asichokiamini. Hapa Kiswahili kimelala tayari kinangoja: kuwavika kilemba cha ukoka.

Snollygoster, mwanasiasa asiye na haya wala kanuni, la katikati ya karne ya 19. Merriam-Webster walilitoa kwenye kamusi yao ya chuo 2003, wakalirudisha 2017.

Swindle mnalijua, ila Kijerumani Schwindel ni kizunguzungu. Schwindler alikuwa mtu wa mipango ya kichwa kuzunguka, kisha mlaghai wa biashara. Karne ya 18 likafika London.

Lulu ya Mzizima

Nimeelewa somo la nta. Basi nipeni njia ya kuhakiki kabla sijapost kitu.

Mzee wa Ngalawa

Kwanza tafuta mwaka wa kwanza neno kuandikwa. Hadithi ikihitaji neno liwepo kabla au baada ya hapo, itupe. Hocus pocus: utaambiwa ni kejeli ya hoc est corpus ya misa ya Kilatini. Lakini mganga wa kiini macho aliyejiita Hocus Pocus anatajwa kuwa wa enzi ya mfalme James I, na maelezo ya misa tunayapata kwa askofu Tillotson mwaka 1694. Huenda ni kweli, ila ni dhana ya mtu aliyekuja miongo mingi baadaye, iandike hivyo. Hoax la 1796 huenda ni hocus lililofupishwa.

Pili, tofautisha lugha za kamusi. "Origin unknown", "uncertain" na "probably" si kitu kimoja. Ya kwanza ina maana hata dhana zilizopo hazifai.

Tatu, ukitumia Google Ngram, chombo cha kuhesabu neno limetokea mara ngapi vitabuni kila mwaka, kwa vitabu vya kabla ya 1800, jihadhari na s ndefu iliyofanana na f. Mashine inasoma sham kama fham, nawe unaona neno limeanza ghafla karibu na 1800. Fungua ukurasa wenyewe, kisha angalia na ukurasa wa jina la kitabu, maana tarehe za skani hukosewa. Kwa lugha ya mitaani Green's Dictionary of Slang ipo mtandaoni, nayo imepanga nukuu kwa miaka.

Nne, hadithi ikiwa na herufi za kifupisho na neno ni la kabla ya karne ya 20, usipoteze bando.

Bint Makunganya

La mwisho kwangu: yapi naweza kuandika leo bila kuonekana nimefufuka?

Wakili Mstaafu

Hoodwink, dupe, swindle na bogus ni hai, hata kwenye ripoti. Bamboozle ni hai kwa mzaha. Inveigle na prevaricate ni ya maandishi rasmi. Cozen, cog na gull kama kitenzi yaache kwa matini za kale. Hornswoggle na honeyfuggle ni ya kuchekesha tu.

Chunga sarufi. Prevaricate na tergiversate hayachukui yambwa, yaani mtendwa: huwezi ku-prevaricate mtu. Palter hutaka with. Inveigle hutaka into. Bilk na cozen hutaka out of kwa kile kilichoibiwa.

Trepan yapo mawili. Moja ni kutoboa fuvu, la Kigiriki kwa asili. La pili, la karne ya 17, ni kunasa mtu kwa hila, na kwa asili lina undugu na trap. Kwenye kumbukumbu za kesi za zamani ukiona mtu ame-trepan-iwa usiandike upasuaji.

Gyp na welsh kwa maana ya kudhulumu yaache kabisa. La kwanza linachukuliwa kuwa tusi kwa Waromani (jamii iliyoitwa Gypsies, si Warumi), la pili kwa watu wa Wales, na mhariri yeyote wa Uingereza atakurudishia.